Krismasi na rafiki mzee huku Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza zaidi ni watu waliohamia Moshi kwa kazi au masomo, ambao kwao ni mbali, wakazoeana na mzee mmoja: mama mwenye nyumba, jirani, mwalimu mstaafu, babu wa pale wanaponunua maziwa. Desemba ikifika wanataka kusali naye na kula naye, ila hawajui waanzie wapi. Mimi mwenyewe si mtu wa huku, natokea Singida, na mzee wangu anaishi juu, Old Moshi. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mchungaji. Mengi ya hapa chini ni mazoea ya mlimani, yaani vijiji vya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Pale ninapotoa maoni yangu utayatambua tu.

Hatuna undugu. Wanawe hawatashangaa?

Wengine watashangaa, na wana haki. Desemba ndiyo mwezi Wachagga wanaorudi nyumbani kwa wingi. Mtoto aliyesafiri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, hapendi kufika akamkuta mama yake ameketi na mgeni asiyemfahamu, tena mgeni anayejua sukari inakaa wapi.

Kwa hiyo usianze na mzee, anza na nyumba. Zungumza na anayeishi naye, awe mjukuu, mkwe au dada wa kazi, umwombe namba ya mtoto mkubwa. Mpigie mapema, wiki ya kwanza ya Desemba si mapema mno. "Shikamoo kaka, mimi ni fulani, nafanya kazi hapa Moshi, huwa napita kumsalimia mama. Nilikuwa naomba Krismasi nikasali naye." Sema na saa utakayoondoka. Hilo la kuondoka ndilo linalowatuliza watu, maana kinachowapa hofu ni mgeni asiyejua kuaga.

Kuna wazee ambao wanao hawaji. Nauli imepanda, likizo imenyimwa, au kuna ugomvi wa kiwanja ambao wewe haukuhusu. Huko ndiko unakohitajika zaidi, lakini usithubutu kumwambia mzee kwamba unakuja kwa kuwa wanawe hawaji. Mwambie unakuja kwa sababu umemkumbuka.

Nimlete kwangu mjini, au nimfuate kwake?

Mfuate.

Najua mjini kuna umeme wa uhakika, friji, kochi laini na televisheni. Lakini sikukuu ya mzee haikungoji wewe uiandae. Ipo tayari kule kwake, na wewe unaingia ndani yake. Ana benchi lake kanisani, analijua kwa macho yaliyofumba. Ana mchungaji anayejua kwamba sikio lake la kushoto halisikii. Baada ya ibada watu watapita kumsalimia tangu saa saba mchana hadi giza: wanafunzi wake wa zamani ambao sasa nao wana wajukuu, watoto wa jirani wanaofuata pipi, shemeji wa Mwika aliyepotea miezi. Ukimchukua ukamweka mjini, mtaa wa Shanty Town, kwenye kochi, hao wote watakuta mlango umefungwa. Yeye atakula pilau yako, atakushukuru kwa adabu, halafu ataanza kuuliza gari linarudi saa ngapi.

Kwake yeye ndiye mwenyeji, kwako ni mgeni, na mtu wa miaka themanini aliyezoea kupokea watu anauchoka ugeni haraka. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mgeni awe wewe.

Mlete mjini kwa hali chache tu: amehamia mjini kwa matibabu, nyumba haina mtu kabisa, au yeye mwenyewe ameomba. Ikiwa hivyo, majirani wajulishwe na arudishwe kabla jua halijazama.

Twende ibada ipi: ya mkesha, ya tarehe 25, au ya 26?

Muulize yeye. Wazee wengi watachagua asubuhi ya tarehe 25, ibada ya kwanza, kwa sababu wanaamka alfajiri hata usipowaamsha.

Mkesha wa tarehe 24 una utamu wake, nyimbo ni nzuri na watoto huigiza kuzaliwa kwa Yesu. Ila ni usiku, mlimani kuna baridi, na vuli ikiwa bado haijaisha njia huwa na utelezi. Kwa Wakatoliki, misa ya mkesha inatosha kwa wajibu wa Krismasi, kwa hiyo aliyesali usiku halazimiki kurudi asubuhi. Kwa mzee anayechoka haraka hiyo ni nafuu, hasa parokia ikiwa na misa ya mkesha ya jioni mapema.

Tarehe 26 huwa inasahaulika. Ni sikukuu ya taifa, na sharika nyingi za Kilutheri zina ibada siku hiyo, mara nyingi yenye ubatizo wa watoto. Kanisa linakuwa na nafasi na vipaza sauti havipigi kelele sana. Kama tarehe 25 nyumba yake imejaa watoto na wajukuu, waachie siku yao, wewe chukua ya 26. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku bora kwa rafiki asiye ndugu.

Mimi ni Mkatoliki, yeye ni Mlutheri (au kinyume). Kuna shida?

Kusali pamoja hakuna shida. Mimi ni Mkatoliki na Mwalimu ni wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na anachofurahia zaidi ni kunisahihisha ninapokosea mahali pa kusimama.

Huku mlimani dhehebu mara nyingi hufuata eneo, na sababu yake ni ya zamani. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaingia Machame mwaka 1893. Ndiyo maana hadi leo ukienda Kibosho, Uru, Kilema na Rombo utakuta Wakatoliki wengi, na Machame, Marangu, Mwika na Old Moshi utakuta Walutheri wengi. Mzee wa Kibosho aliyeolewa Machame atakusimulia hayo vizuri kuliko mimi, tena kwa mafumbo.

Mambo mawili ya kuzingatia. Salamu: kwa Wakatoliki ni "Tumsifu Yesu Kristo", unaitikia "Milele, amina". Kwa Walutheri utasikia "Bwana Yesu asifiwe". Pili ni meza ya Bwana. Kwa taratibu za Kanisa Katoliki, Mkatoliki hapokei Chakula cha Bwana kwa Walutheri, wala Mlutheri hapokei Komunyo kwa Wakatoliki. Wakati huo baki kwenye benchi. Kama mzee anahitaji mkono kwenda mbele, msindikize hadi mbele, simama pembeni, mrudishe. Hakuna atakayekutazama vibaya kwa kumshika mzee mkono.

Ibada ya Krismasi ni ndefu. Mzee atahimili?

Ibada yenyewe hahofii, ameizoea. Kinachochosha ni nyongeza. Kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama, kikundi cha tarumbeta, kisha wageni wasimame mmoja mmoja: "Naitwa fulani, natokea Dar es Salaam, nasali usharika wa..." Mgeni wa tano anaanza kutoa ushuhuda. Halafu matangazo, ambayo huku yana roho ya milele.

Jiandae hivi. Fikeni nusu saa kabla, ili apate benchi lenye mgongo, kando ya ukuta au pembeni mwa njia. Keti upande ule anaosikia. Kama kipaza sauti kiko juu ya vichwa vyenu, hameni, maana mzee mwenye usikivu hafifu haongezewi chochote na sauti inayokwaruza. Uliza choo kiko wapi kabla ibada haijaanza. Vyoo vingi ni vya shimo na vya kuchuchumaa, kwa hiyo ajisaidie nyumbani kabla ya kutoka, na kama mzee ni mwanamke na wewe ni mwanaume, tafuta mama wa kumsindikiza mapema, si wakati wa dharura. Beba chupa ya maji, sweta na mto mdogo wa kukalia. Mto huo atakataa mbele za watu. Utandike kanga juu yake, atakubali.

Kusimama na kuketi si lazima kwake. Akianza kusimama kila mara kwa sababu na wewe unasimama, keti.

Anatumia dawa za kisukari na anasema hatakula mpaka apokee Komunyo. Nifanyeje?

Kanuni ya Kanisa Katoliki ni kufunga saa moja kabla ya kupokea, na maji na dawa havifungui mfungo huo. Tena wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wameondolewa kabisa katika sharti hilo. Lakini wazee wengi walilelewa enzi za kufunga tangu usiku wa manane, na mazoea ya utotoni hayafutwi na maneno ya kijana. Usibishane naye. Mwombe padre au katekista amwambie yeye mwenyewe, siku kadhaa kabla. Akisikia kwa padre, atakunywa uji.

Anayetumia dawa za kushusha sukari asikae na njaa asubuhi nzima. Weka mfukoni kitu kitamu kidogo. Ukiona anatetemeka, anatoka jasho la baridi au maneno hayaeleweki, mpe hapo hapo kanisani, usingoje baraka.

Huo mnada baada ya ibada ni nini, na mimi nifanye nini?

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Waumini wasio na fedha taslimu, na hata walio nazo, huleta sadaka ya mazao: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai, parachichi, chupa ya maziwa, kabichi, wakati mwingine mbuzi. Ibada ikiisha watu wanakusanyika nje, na mzee wa kanisa mmoja mwenye mdomo anaanza: "Jogoo huyu, elfu kumi! Elfu kumi na mbili kwa mama pale! Watu wa Dar mbona mmenyamaza?" Bei inapanda kupita ya sokoni, na hilo ndilo kusudi, maana unatoa sadaka na kuku anakuwa nyongeza. Watu wa Dar Krismasi hushindana hadi raha.

Mgeni anatakiwa anunue angalau kitu kimoja. Kumnunulia mzee ni jambo jema na linakubalika: unashinda mnada, unachukua mkungu, unamkabidhi mbele za watu. Lakini chunguza kwanza yeye anafanya nini. Mwalimu ana fundo lake la noti kwenye pindo la kanga, na kwenye mnada hatazami majogoo. Anangoja kile kitu ambacho hakipandi bei, kabichi lililoliwa na wadudu au mafungu matatu ya mchicha, kwa sababu anajua limeletwa na nani na yule aliyelileta amesimama wapi. Analifungua lile fundo taratibu, anataja bei kubwa kwa sauti ya darasani, na hakuna anayethubutu kumzidi. Kwa mzee wa namna hiyo usijifanye mkarimu ukamlipia. Mshikie mkoba tu.

Kama hawezi kabisa kufika kanisani?

Kanisa limjie. Kwa Walutheri, mjulishe mwinjilisti wa mtaa au mzee wa kanisa, mchungaji hupita nyumbani na Chakula cha Bwana. Kwa Wakatoliki, pitia viongozi wa jumuiya au katekista ili padre au mhudumu wa Ekaristi aje, na kama afya imedhoofika ombeni Mpako wa Wagonjwa. Toa taarifa mwanzoni mwa majilio, kwani wiki ya Krismasi wachungaji na mapadre hawashikiki.

Andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa na viti vya kutosha. Jirani mmoja au wawili waalikwe. Ibada ya nyumbani ya watu wanne wanaojua nyimbo ni bora kuliko ya watu kumi wanaotazama simu.

Na kuna redio. Wazee wa huku wana mapenzi ya kale na redio ya dini. Studio ya Sauti ya Injili ilikuwa hapa Moshi, vipindi vikirushwa kutoka Addis Ababa hadi mwaka 1977, na leo Redio Sauti ya Injili ina makao Moshi. Wakatoliki wana Radio Maria. Tafuta masafa siku moja kabla na ununue betri mpya. Asubuhi ya Krismasi si wakati wa kuzungusha kitufe.

Tupike nini?

Usipange pilau kwanza. Pilau ni ya watoto na wageni wa mjini, itakuwepo tu. Uliza mzee anataka nini, na ukiuliza vizuri mara nyingi jibu litakuwa ndizi.

Machalari ni ndizi na nyama zilizopikwa pamoja zikabaki na mchuzi mzito. Mtori ni ndizi zilizopondwa na nyama hadi zikawa supu laini. Huo zamani ulikuwa chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua, na kwa asiye na meno hakuna mlo unaoushinda. Kiburu, ndizi na maharage, kinapendwa sana pia, ila wengi hukitia magadi, na magadi ni chumvi nyingine kwa mtu wa presha. Omba kisitiwe, au kitiwe kidogo sana.

Kama umepewa kazi ya mtori, nunua ndizi mshare, soko la Mbuyuni zipo. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakuachia vidole vyeusi hadi mwaka mpya. Zimwage kwenye maji zisibadilike rangi. Chemsha nyama yenye mifupa mpaka iachie, itoe, kisha ndizi na kitunguu ziive ndani ya supu ile ile. Ponda kwa mwiko ukiwa bado motoni, ongeza maziwa kidogo au siagi, chambua nyama uirudishe. Uzito wake? Mwite mzee auonje. Hata kama unajua umeiva, mwite. Atasema bado, ongeza supu, na atakuwa sahihi.

Mbuzi wa kuchoma akatwe vipande vidogo sana kwa ajili yake, au apewe supu yake. Na kisusio, ile supu ya damu, usikisukume kwa mtu ambaye dini yake inakikataa. Wasabato wengi, kwa mfano, hawali damu wala nguruwe, na wengine hawaadhimishi Krismasi kabisa.

Nani anakata nyama?

Si wewe. Mbuzi wa Kichagga ana mgawanyo wake: kila kipande kina mwenyewe, kwa umri na kwa ukoo, na hata kidari hakiliwi ovyo. Mgeni aliyeshika kisu kwa nia njema anaweza kuwakosanisha mashemeji. Kaa karibu, mwombe mzee akueleze kipande gani ni cha nani na kwa nini. Hapo utapata historia ya familia nzima, pamoja na ile ambayo wanawe hawajawahi kuambiwa.

Na mbege?

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi, na kwenye nyumba nyingi sikukuu haikamiliki bila hiyo. Inakuja katika kata au kikombe kikubwa, inaanza kwa wazee. Nyumba nyingine, hasa za walokole, haionekani kabisa. Fuata nyumba ulimo. Kama hunywi, pokea kwa mikono miwili, shukuru, mpe jirani yako, na hakuna atakayekulazimisha mara tatu. Neno "aika", yaani asante, litakuvusha sehemu nyingi.

Kwa mzee mwenye presha au kisukari, anayejua kiasi chake ni yeye na daktari wake. Usimpokonye kikombe mbele ya wageni. Kama kuna la kusema, sema jana yake, mkiwa wawili.

Wageni wa dini nyingine watakuwepo?

Moshi, mara nyingi ndiyo. Jirani Mwislamu huja Krismasi kama unavyokwenda wewe kwake Idi. Ndiyo maana familia nyingi za Kikristo humwita Mwislamu achinje, ili nyama iliwe na wote. Kama wewe ndiye unayeleta mbuzi au kuku, uliza mapema nani anachinja. Usilete nguruwe kimya kimya, na kama ipo, sufuria na kijiko chake vikae kando.

Kinyume chake pia kinafaa: rafiki yako mzee akiwa Mwislamu, yote yaliyosemwa hapa kuhusu kumfuata kwake, kuanza na wanawe na kutomfanya mgeni yanahusu Idi. Ila swala ya Idi ni fupi na ni asubuhi mapema. Mngojee nyumbani.

Nani aombee chakula?

Mwenye nyumba ndiye anayepanga, na mwenye nyumba ni mzee. Kama yupo mchungaji, mzee atampa nafasi. Sala ya mzee inaweza kuwataja marehemu wote wa ukoo, na chakula kikapoa. Acha kipoe.

Baada ya hapo apakuliwe yeye kwanza, sahani isiyojaa sana, akiwa ameketi wima kwenye kiti cha meza, si kwenye kochi linalozama. Usimsemeshe akiwa na chakula mdomoni. Wajukuu wana haraka, yeye hana, na ukimaliza kabla yake usiondoe sahani yako mezani. Atakula zaidi akiona bado kuna mtu anakula.

Nimpelekee nini?

Sukari, majani ya chai, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni. Si zawadi za kuvutia kwenye picha, lakini ndizo zinazotumika. Kanga au kitenge kwa bibi, sweta au kofia ya joto kwa babu, maana mlimani Juni na Julai ni baridi ya kweli na Desemba ni wakati mzuri wa kuyanunua bila presha. Fedha ziwe kwenye bahasha, apewe mkononi mkiwa faragha, zisipite kwa mtu wa tatu. Na bahasha ya sadaka umpe kabla ya ibada, ili atoe kwa mkono wake.

Usipeleke kreti ya soda kwa mwenye kisukari ukasema ni ya wageni. Yeye ndiye atakayeinywa wageni wakishaondoka.

Amefiwa mwaka huu. Niende na furaha ya sikukuu au nikae kimya?

Nenda. Krismasi ya kwanza bila mume au bila mtoto ni nzito, na watu wengi huikwepa nyumba hiyo kwa kutojua la kusema. Huku mlimani marehemu huzikwa nyumbani, ndani ya kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba), kwa hiyo kaburi lipo pale pale, hatua chache kutoka jikoni, kati ya migomba na kahawa. Familia nyingi hulisafisha Desemba, huling'olea majani na kuweka maua. Fika siku moja kabla, omba ufagio. Hahitaji hotuba.

Mtaje marehemu kwa jina. Ukilikwepa jina lake mchana kutwa, mzee ataona, na atadhani umeshamsahau. Mwulize alipenda kula nini sikukuu. Akilia, alie. Akicheka, na mara nyingi atacheka, cheka naye. Kanisani, nyimbo za zamani ndizo zinazomshika mtu, kuliko mahubiri. Kuwa na kitambaa.

Naweza kwenda na watoto wangu?

Nenda nao, lakini wafundishwe shikamoo kabla ya kushuka kwenye gari, na wapewe kazi: kuteka maji, kupeleka sahani, kumsomea Bibi somo la Luka 2 kwa sauti. Mwalimu huwasahihisha matamshi katikati ya malaika na wachungaji, na wanapenda.

Picha ziombwe. Wazee wengi wanapenda kupigwa picha wakiwa wamevaa, hawapendi wakiwa wanakula. Na usirushe mtandaoni picha ya mzee akiwa kitandani, hata ukiandika baraka gani chini yake.

Usafiri?

Wiki ya Krismasi magari ya mlimani hujaa na bei za kukodi hupanda. Weka miadi na dereva wa teksi au Noah unayemfahamu, kwenda na kurudi, mkubaliane saa. Barabara kuu za Marangu, Machame na Kibosho zina lami, tatizo ni kile kipande cha mwisho cha udongo kwenda nyumbani. Mvua ikinyesha asubuhi, gari liachwe kwenye lami na mzee asiteremshwe kwenye utelezi kwa ajili ya kuwahi wimbo wa kwanza. Bodaboda kwa mzee, hapana, hata kama amezoea na anacheka hofu yako.

Pasaka ni shida zaidi, kwani huangukia masika. Mwaka wa mvua kubwa, salini nyumbani.

Niondoke saa ngapi?

Ile saa uliyomwambia mwanawe. Baada ya chakula mzee anahitaji kulala kidogo, na hatalala ukiwa umeketi. Saa kumi ni muda mzuri. Aga mara mbili, kwanza ndani, kisha nje atakapokusindikiza, na usimkataze kukusindikiza. Mwende polepole hadi anaposimama mwenyewe.

Anataka kunipa mkungu wa ndizi, parachichi na kuku nirudi navyo. Nikatae?

Usikatae. Usiseme "abaki navyo Bibi, sisi tutanunua", hiyo ni kumwambia kwamba hana cha kukupa. Pokea kwa mikono miwili, sema aika. Acha nafasi kwenye buti tangu asubuhi, tandika gunia au gazeti chini kwa ajili ya utomvu, na kuku afungwe miguu vizuri. Ukifika mjini mpigie simu umwambie kuku amefika mzima. Atauliza.